Wageni Wanapoikimbia Pwani

Akina mama wenzetu, safari yetu ya likizo ilitufikisha Diani, kusini mwa Mombasa. Tulivuka Likoni kwa feri. Watoto walishangilia meli, nasi tulikumbuka yaliyopata kutokea hapo.

Mnamo Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua watu na kuchoma nyumba na vibanda. Maelfu walikimbilia ua wa kanisa Katoliki. Watalii walivunja safari zao, na hoteli kadhaa zikafungwa. Misiba mingine ikafuata. Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa, na wengi waliokufa walikuwa Wakenya. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake juu ya Mombasa, na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kabla ya likizo kwisha. Machi 2020 korona ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje hadi Agosti.

Ufuoni tuliketi na mama mmoja anayeuza leso. Alitueleza kwamba hoteli ikifungwa, si mpishi na mhudumu pekee wanaoumia. Mvuvi hukosa wa kumwuzia samaki, mkulima wa mboga hukosa soko, na karo ya watoto hukosekana. Baada ya kuonja shida hiyo, yeye alianza kushona sare za shule, na kila wiki huweka kidogo katika chama cha akina mama. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Taifa nalo lilijifunza somo hilo. Mwaka 2014 serikali ilizipunguzia kodi kampuni zilizowalipia wafanyakazi wao likizo humu nchini. Mwaka 2016 watoto wa kigeni wenye umri chini ya miaka 16 walisamehewa ada ya viza, ili familia zirudi. Nao Wakenya wengi walilala katika vitanda vilivyoachwa na wageni.

Je, mama, familia yako imewahi kuiona bahari? Anzeni kuweka akiba mapema. Ulizeni bei ya wenyeji, hasa miezi ya mvua za masika, wageni wanapokuwa wachache na bei hupungua. Mkifika, nunueni samaki, madafu na leso kwa akina mama wa hapo. Watoto wenu watafurahi, na chungu cha mama mwenzenu hakitakosa moto.