Kisunzi na Kuanguka Nyumbani

Watoto wapenda mchezo wa kuzunguka mahali pamoja, na wasimamapo huona nyumba na miti yote yazunguka. Hucheka, huyumba, kisha huanguka majanini wala hawaumii. Kumbe nchi haikuzunguka hata kidogo. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopindwa kama pete, nayo imejaa majimaji. Mtu akisha kuzunguka sana na kusimama ghafula, majimaji hayo huendelea kwenda kwa muda mfupi, na ubongo hudanganyika. Mwaka 1861 tabibu Mfaransa, Prosper Ménière, alieleza kwamba kisunzi chaweza kutokana na sikio, ijapokuwa matabibu wengi wa siku zile walidhani hutoka katika ubongo tu.

Kwa mtoto kisunzi ni mchezo. Kwa mzee ni jambo jingine. Mara nyingi humjia alfajiri, anapoinuka kitandani. Mtu asimamapo, damu nyingi hushuka miguuni. Katika mwili wa kijana mishipa hujikaza upesi na moyo huongeza mapigo, hata damu ikafika kichwani kama kawaida. Katika mwili wa mzee kazi hiyo hukawia. Ubongo hupungukiwa damu kidogo, macho huona giza, magoti hulegea. Hatari huzidi ikiwa hakunywa maji ya kutosha, au ameharisha, au ana homa, au anatumia dawa za kushusha shinikizo la damu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na waliopita umri wa miaka 60 hufa wengi kupita watu wa rika nyingine. Na asiyekufa huenda akavunjika mfupa wa nyonga. Aliyekuwa akienda shambani na sokoni kwa miguu yake, sasa hungoja kuletewa maji.

Watu wengi wakimwona mzee ayumba husema, "Ni uzee, hauna dawa." Neno hilo si kweli. Kisunzi ni kama moshi: huonyesha kwamba mahali fulani pana moto. Yafaa tabibu aambiwe kisunzi huja wakati gani, naye ampime mzee shinikizo la damu akiwa amelala, na tena akiwa amesimama. Huenda dawa zake zikabadilishwa, lakini mzee asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Kuinuka nako kuna daraja tatu. Kwanza, angali amelala, achezeshe miguu na kukunja vidole vya mikono. Pili, aketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa chini, angoje dakika moja au mbili. Tatu, asimame ameshika kitu imara, wala asiondoke mpaka macho yametulia. Kisunzi kikimshika njiani, aketi papo hapo, hata ikiwa ni mavumbini. Nguo yenye mavumbi hufuliwa siku moja. Mfupa uliovunjika huchukua miezi.

Nyumba nayo ina mitego yake. Njia ya mzee usiku ni kutoka kitandani mpaka chooni. Mwenye kuitazama njia hiyo kwa macho ya mzee ataona mengi: mkeka uliokunjamana, maji yaliyomwagika, kizingiti kirefu, kamba ya mbuzi uani, ndoo iliyoachwa mlangoni. Taa au kurunzi iwe karibu na mkono wake, na fimbo yake isiwekwe mbali. Na ile ndoo, ni nani aliyeiacha? Mara nyingi ni mtoto aliyetoka kuteka maji akakimbilia mchezo.

Lakini mzee aliyelea watoto na wajukuu hapendi kushikwa mkono mbele ya watu kama mtoto anayejifunza kwenda. Ndiyo sababu wengi huficha kisunzi chao. Mjukuu apigaye kelele, "Bibi, utaanguka!" humtia haya, na kesho bibi ataondoka kimya asimwambie mtu. Mwenye adabu huja polepole akasema, "Shikamoo, bibi. Nami naenda uani, twende pamoja." Bibi huitika, "Marahaba, mjukuu wangu," akaweka mkono wake begani mwa mtoto, nao huenda wakizungumza.

Ikiwa mzee ameanguka, asivutwe juu kwa haraka. Aulizwe kwanza ni wapi panapomwuma. Kama hawezi kuusogeza mguu, au amegonga kichwa, afunikwe nguo, na watu wazima waitwe wampeleke hospitali. Na ikiwa kisunzi kimekuja pamoja na mdomo kwenda upande, au ulimi kuwa mzito, au mkono mmoja kukosa nguvu, hapo hapana kungoja hata kidogo.

Watu humsifu mtoto awaamkiaye wazee kwa heshima, na ni vema. Mtoto aondoaye ndoo mlangoni kabla ya kulala huenda asisifiwe na mtu, kwa kuwa kukicha hapana aliyeanguka, wala hapana habari ya kusimulia. Hata hivyo, bibi amekwenda nje usiku na kurudi salama.