Sanduku la Besi: Somo Tulilopewa na Mwanafunzi Wetu

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza ndugu zetu wanachuo, hasa wale watakaopangiwa shule za vijijini, jinsi tulivyotengeneza sanduku la spika ya gitaa la besi pamoja na wanafunzi wa darasa la sita, na jinsi kazi hiyo ilivyotuumbua sisi walimu wawili tuliokuwa tukiisimamia. Tutaeleza yale yaliyofaulu ili yaigwe, na kosa letu pia, kwa kuwa aghalabu mwalimu huandika juu ya ushindi wake tu, na anayemsoma hukutana na kosa lile lile akiwa peke yake darasani.

Chanzo cha kazi

Runzewe ni mji mdogo wa Wilaya ya Bukombe, katika barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Lusahunga, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Zamani sehemu hii ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Watu wake hulima pamba, mahindi na mpunga, na wengi huchimba dhahabu katika machimbo madogo. Shule yetu ilikuwa ya msingi, karibu na mji huo.

Ilikuwa mwaka 2016. Elimumsingi bila malipo ilikuwa imeanza kutekelezwa Januari ya mwaka ule, watoto walikuwa wamefurika madarasani, na nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya kutengeneza madawati. Mbao zililetwa shuleni kwetu katika siku za masika, nazo zilipasuliwa na kurandwa haraka ili watoto wainuke sakafuni. Pembeni mwa banda la fundi palibaki lundo la vipande visivyotosha hata kiti cha mtoto mmoja.

Wakati huo huo kwaya moja ya jirani ilikuwa na shida. Ilikuwa na gitaa la besi, amplifaya, jenereta, na spika nzima ya inchi 12, lakini sanduku la spika hiyo lilikuwa limeliwa na mchwa. Tukakubaliana kwamba wanafunzi wetu watatengeneza sanduku jipya, na kwaya itatuazima vyombo siku ya mahafali ya darasa la saba. Mwalimu mkuu alituuliza swali la haki: itakuwaje watoto wakae chini huku walimu wakitengeneza boksi la muziki? Tukaahidi kutumia masalio tu, na kwamba kila hatua ya kazi itakuwa somo la Sayansi, Hisabati au Stadi za Kazi. Ahadi ya kwanza tuliitimiza. Ya pili tuliitimiza nusu, kama tutakavyoeleza.

Masomo yaliyofaulu

Tulianza kwa swali: kwa nini spika iwekwe sandukuni? Wanafunzi walijibu kwamba ni kwa ajili ya urembo, au kuikinga na vumbi. Hatukuwasahihisha. Tulichukua spika ndogo kutoka katika redio mbovu, tukaiunganisha na redio nzima kwa nyaya, tukaipiga ikiwa wazi mkononi. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya nyenje. Kisha tukaiweka juu ya tundu tulilokata katika katoni kubwa, tukaziba pembeni kwa vidole. Mara ngoma ya wimbo ule ule ikasikika, na darasa zima likapiga kelele. Hapo ndipo tulipoeleza kwamba utando wa spika unapokwenda mbele husukuma hewa iliyo mbele, na papo hapo huvuta ile iliyo nyuma. Katika sauti nene, hewa iliyosukumwa mbele huwahi kuzunguka ukingo na kwenda kujaza upungufu wa nyuma, zikauana. Kazi ya sanduku ni kuzitenganisha pande hizo mbili.

Ili waone ukubwa wa jambo hilo, tuliwapa hesabu. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi la kawaida la nyuzi 4 hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 345 kwa sekunde katika joto la kwetu. Ukigawanya 345 kwa 41 unapata urefu wa wimbi moja, mita 8 na zaidi kidogo. Watoto walipima darasa kwa kamba, wakashangaa kwamba wimbi moja tu lingeenea karibu chumba chote.

Sanduku tulilipangia kimo cha sentimeta 60, upana wa 45 na kina cha 40, kwa mbao zenye unene wa sentimeta 2. Tulipowaomba watafute ujazo wa ndani, wengi walitoa unene wa ubao mara moja tu kila upande, wakapata sentimeta za ujazo 94,772. Hatukuwaambia wamekosea, tuliwapa vipande vya mbao wapange kiboksi kidogo na kuona kwamba kila kipimo hupoteza mbao mbili. Wakarudia: 56 mara 41 mara 36, yaani 82,656, ambazo ni lita 82 na ushei, sawa na ndoo 4 za lita 20 na kidogo juu yake. Tofauti ya majibu hayo mawili ilizidi nusu ndoo. Tundu la spika walilichora kwa msumari na uzi wa katani wenye sentimeta 14. Kwa kipenyo cha 28, mzingo ulitakiwa kuwa 88, nao walipozungusha kamba na kuipima walikuta 88. Hatujapata tena kufundisha mzingo wa duara kwa urahisi kama siku ile.

Ndani ya sanduku tuliweka pamba mbichi waliyoleta watoto kutoka majumbani, tukaizuia kwa kitambaa cha chandarua ili isigusane na utando. Pamba hupunguza mwangwi unaogonga kuta za ndani. Kabla ya kufunga spika, tuligusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake: utando ukaruka mbele, wakajua upande upi ni chanya. Tuliwaeleza pia kwamba wapigaji wa kidumbak huko Unguja hutumia sanduku lenye mti na kamba kutoa besi, nalo huitwa sanduku tu, bila amplifaya wala umeme. Hivyo watoto walielewa kwamba kazi yetu ina ndugu zake.

Mwishoni mwa Mei sanduku lilipigwa mara ya kwanza. Madirisha yalitetemeka. Tulijiona walimu hodari.

Kosa letu

Yapo tuliyoyaruka katika kusimulia. Kwa kuwa vipande vyetu vilikuwa vyembamba, tulilazimika kuviunga kwa gundi ubavu kwa ubavu ili tupate ubao mpana. Siku ya kuunga, mwanafunzi mmoja, ambaye mahudhurio yake yalikuwa mabaya kuliko ya wote na kusoma kwake kulikuwa kwa shida, alishika kipande, akakipima uzito mkononi, akasema: "Mwalimu, mbao hizi bado mbichi. Zikikauka zitaachana."

Tulimjibu: "Wewe jifunze kwanza kuja shuleni." Darasa likacheka, naye akaweka kile kipande chini. Siku iliyofuata hakuja.

Kiangazi kikaingia. Mwishoni mwa Agosti, wiki mbili kabla ya mahafali, kwaya ililirudisha sanduku. Besi ilikuwa imekonda, na kila noti ya chini ilifuatwa na mfukuto kama wa mivukuto ya mhunzi. Tuliwapa wanafunzi mshumaa, wakaupitisha polepole kando ya maungio huku gitaa likipigwa. Mahali palipokuwa pazima mwali ulisimama. Penye ufa ulicheza. Walihesabu nyufa saba, nyingine pana kiasi cha kuingiza ukucha. Mtoto mmoja wa kike akasema bila ubaya wowote: "Si alisema?" Hakuna aliyecheka.

Kule mwaloni

Alasiri ile tulikwenda kumtafuta. Tulimkuta kwenye mwalo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, pamoja na mjomba wake, ambaye kazi yake ilikuwa kukata na kufunga matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za duara zisiporomoke. Tulimwamkia mzee yule, tukaeleza kilichotuleta. Alimtazama mpwa wake, kisha akatueleza kwa upole kwamba gogo likitiwa shimoni likiwa bichi husinyaa kiangazi, kabari zikalegea. Kwa hiyo katika miezi hiyo hupita kila asubuhi akigonga kila kabari kabla mtu hajateremka. Mtoto alikuwa akimshikia taa. "Ninyi walimu mmepata sauti mbaya," alisema. "Sisi tungepata msiba."

Tunapenda tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba mahali pa mtoto ni machimboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, machimbo yakiwemo, na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni sumu, hasa kwa watoto. Hayo tulimwambia mjomba siku ile ile, naye alitusikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyomsikiliza mpwa wake. Lakini tulirudi tukiwa na aibu. Daftari la mahudhurio lilitueleza siku ambazo mtoto hakuwapo kwetu. Halikutueleza alikuwa wapi, wala alijifunza nini huko, nasi hatukuuliza.

Asubuhi yake alikuja. Tulisimama mbele ya darasa tukasema kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba tulimkosea kwa kumcheka. Kisha tukamkabidhi kazi ya kuelekeza matengenezo. Hapakuwa na muda wa kubomoa kila kitu. Kwa mashauri yake tulijaza nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, tukabandika vibanzi vyembamba vilivyokauka kwa ndani kukingama kila ufa, na tukazungushia mdomo wa spika ukanda wa tyubu ya baiskeli ili hewa isipenye. Mshumaa ulipopitishwa tena, mwali ulicheza mahali pamoja tu, kwenye pembe ya chini, na pembe hiyo haikupona kabisa. Siku ya mahafali besi ilisikika hadi barabarani.

Mtoto yule hakugeuka kuwa mwanafunzi wa ajabu. Mahudhurio yake yaliongezeka, hayakukamilika. Alimaliza darasa la saba mwaka uliofuata. Hata hivyo, tangu siku ile alikuwa akinyosha mkono, na hapo awali hatukumbuki kuuona mkono wake.

Mashauri kwa wanachuo

Katika chuo sote tunafundishwa kanuni ya kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Tuliifuata kanuni hiyo kwa katoni, kwa kamba na kwa ndoo za maji, tukadhani tumeikamilisha. Tulichosahau ni kuuliza: linalojulikana na nani? Sisi tulichagua yale tuliyodhani watoto wanayajua. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote ya maana yanatoka vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba wazee wa kijijini hawana la kumfundisha. Tulilisoma onyo hilo chuoni na kulijibia mtihani. Lilipotujia darasani likiwa katika mdomo wa mtoto mtoro, hatukulitambua.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Kwanza, kabla ya kazi yoyote ya mikono, waulize wanafunzi ni nani nyumbani kwao anayefanya kazi inayofanana nayo, na uandike majibu yao. Pili, mtoto akitabiri jambo, liandike ubaoni hata kama unaona amekosea, wakati utaamua. Tatu, usitumie utoro wa mtoto kuwa jibu la hoja yake. Utoro una mahali pake pa kushughulikiwa. Nne, kazi ikiharibika, iharibike mbele ya wanafunzi, wapewe mshumaa watafute ufa wenyewe.

La mwisho ni la ufundi, nalo tulilipata tumechelewa. Usikadirie ukavu wa mbao kwa macho. Zipange kivulini, penye hewa, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti. Chagua kipande kimoja, mwagize mwanafunzi akipime kwa mizani ya dukani kila Ijumaa na kuandika uzito wake ukutani. Uzito utashuka wiki baada ya wiki. Utakapoacha kushuka, mbao ziko tayari, na darasa litakuwa tayari na jedwali la kufundishia. Kipande cha kwanza mpe yule ambaye hujausikia sauti yake tangu muhula uanze.