Usiku Ule wa Jazi Kando ya Bahari

Wamama wapenzi, tangu nirudi wengi mmeniuliza kama ni kweli nilikuwa nacheza muziki Zanzibar siku zile ninyi mkibeba magodoro kichwani kwenye barabara ya Sake. Kuna picha yangu iliyopita katika telefone za watu, nimeinua mikono, kitenge kimefungwa vizuri, meno yote nje. Naandika nijibu wote mara moja, maana habari ikipita midomo kumi inakuwa habari nyingine. Ndiyo, nilikuwa huko. Na nilicheza.

Mnakumbuka kikundi chetu kilichagua watu wawili, mimi wa Masisi na mama mmoja wa Walikale, kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya vikundi vya akiba na mkopo, hivi vyetu tunavyoita AVEC. Tulivuka bariere hapo Goma, tukafika Kigali, na kutoka Kigali tukapanda basi kupitia Rusumo. Basi lile linakwenda zaidi ya siku nzima. Mwenzangu alikuwa amebeba chikwange ya kutosha harusi, na kila alipofungua majani abiria waligeuka kuuliza ni dawa gani ile.

Mambo ya mafunzo nitayaeleza siku nyingine kwenye mkutano, na daftari ninalo. Hapa nitasema jambo moja tu la Dar es Salaam. Siku moja tulikuwa ndani ya daladala, kondakta akapaza sauti, “Sinza kwa Remmy!” Mwenzangu akashtuka. Kumbe kituo kile kinaitwa hivyo kwa ajili ya Remmy Ongala, yule mwanamuziki aliyezaliwa Kindu mwaka wa 1947, akaja Tanzania, akaimba na bendi ya Super Matimila, akafia huku mwaka wa 2010. Kindu na Walikale ni msitu mmoja tu unaopakana. Mama wa Walikale aliwaambia abiria wote kwamba huyo ni mtoto wa kwao. Watu wakacheka, mzee mmoja akamwachia kiti.

Jumatano tarehe 7, mwezi wa pili, tukiwa bado darasani, telefone zikaanza kutetemeka. Watu wanatoka Sake. Picha moja, kisha nyingine: chukudu zimejaa hadi juu, mbuzi, masufuria, watoto wamefungiwa mgongoni mwa watoto. Mama yangu mzazi alikuwa Sake na watoto wanne wa marehemu kaka yangu. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nilipiga tena usiku, na Alhamisi asubuhi, na mchana. Nikawaza kurudi. Lakini kurudi namna gani? Tiketi ya basi ilikuwa ya Jumanne, na hata ningeondoka saa ile, ningefika Goma kutafuta mtu mmoja ndani ya maelfu. Mwenzangu naye alikuwa na dada yake upande wa Masisi. Tulikaa vitandani kama wagonjwa, kila mtu na simu yake mkononi.

Katika mafunzo kulikuwa na mama mmoja wa Zanzibar, mtu mzima, mpole, wa kusema kidogo. Ijumaa alituambia, “Nyie twendeni kwangu. Simu mtaishika kulekule. Hapa mtaumwa.” Hatukuwa na nguvu ya kukataa.

Boti kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Nimekulia karibu na ziwa letu la Kivu, najua maji, lakini maji yasiyo na ng’ambo sikuwahi kuyaona. Nikamwambia, “Mama, mimi naongopa.” Akanitazama kwa huruma akasema, “Umeongopa nini, mwanangu?” Nikajibu, “Naongopa maji.” Hapo ndipo tulipogundua. Sisi huku tukisema kuongopa tunasema hofu. Wao wakisema kuongopa ni kusema uongo. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ukingo wa buibui, na tangu hapo kila niliponyamaza aliniuliza, “Haya, unaongopa kwa Kikongo au kwa Kiunguja?”

Siku zile ndizo zilikuwa siku za Sauti za Busara, festivali ya muziki ya Zanzibar ya mwezi wa pili, iliyoanza 2004. Mwaka wa 2024 ilikuwa tarehe 9 hadi 11. Ilifanyika ndani ya Ngome Kongwe, ngome ya mawe iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno. Mbele yake kuna bustani ya Forodhani, na baada ya bustani ni bahari. Jioni vijana wanakimbia na kujirusha majini kutoka ukutani, vichwa chini, mmoja baada ya mwingine, na watu wanakula samaki na mishikaki kwenye meza zenye taa. Nilionja maji ya bahari kwa kidole. Chumvi kweli! Nilidhani watu wanazidisha.

Sauti za Busara si ya jazi peke yake. Unasikia taarabu, muziki wa vijana wa mjini, ngoma za nchi nyingi za Afrika. Lakini wanataka muziki upigwe pale pale, kwa mikono na pumzi. Na usiku ulionishika mimi ulikuwa wa jazi.

Wamama, sisi Wakongo neno hilo tunalo tangu zamani. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, na majina aliyoyataja Jumapili yalikuwa African Jazz ya Grand Kallé na OK Jazz ya Franco. Kwetu jazi ilikuwa jina la orchestre tu. Watanzania nao walikuwa vilevile: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Kumbe jina lilisafiri kutoka Marekani, kutoka mji wa bandari unaoitwa New Orleans. Na katika mji ule kuna uwanja unaoitwa hadi leo Congo Square, ambapo zamani watumwa walikusanyika Jumapili, siku yao ya kupumzika, kupiga ngoma na kucheza. Baadhi ya watu waliouzwa huko walitoka pande zetu za Kongo. Halafu mwaka 1960 Louis Armstrong, mtoto wa New Orleans, alikuja Léopoldville na tarumbeta yake, na watu wakambeba juu kwenye kiti kama mwami. Hayo alinieleza kijana wa mwenyeji wetu, anayejifunza kupiga udi, na alieleza kwa fahari kana kwamba alikuwapo.

Ijumaa sikusikia kitu. Nilikaa juu ya jiwe, simu kwenye paja. Jumamosi ndiyo masikio yalifunguka. Kundi lilipanda, lina saksofoni, tarumbeta, gitaa la bezi, ngoma. Wanaanza wote pamoja. Kisha wanapunguza, kama watu wanaosogea kwenye benchi, na mmoja anaachiwa nafasi aseme ya kwake. Hana karatasi. Anatafuta, anakosea kidogo, anarudi, anapata. Wengine wanamngoja chini, hawamwachi aanguke. Akimaliza, watu wanapiga makofi na mwingine anachukua.

Mama wa Walikale aliniambia sikioni, “Lakini hii ni Mwindo!” Alitaka kusema wale wazee wa Kinyanga wanaosimulia habari za Mwindo: mzee anasimulia na kucheza, kibuyu mkononi, vijana wanagonga fimbo, na watu wote wanaitikia wimbo. Hakuna usiku unaofanana na mwingine. Sijui kama wataalamu wa jazi wangekubali. Mimi nilikubali.

Na hapo, saa tatu na kitu, simu ikatetemeka. Namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mama.

“Mutoto wangu, tulitoka Sake. Tuko Bulengo. Watoto niko nao wote. Usilie.”

Alikuwa ameazima simu ya mtu. Walitembea kwa mguu na walilala njiani usiku mmoja. Aliniambia godoro liliachwa, nguo nyingi ziliachwa, mbuzi mmoja tu ndiye aliyefika. Nilikuwa nimeziba sikio moja kwa kidole na kukimbilia pembe ya ukuta, lakini ngome ile ni mawe matupu, sauti inajaa kila mahali.

Akauliza, “Huko uko wapi? Kuna makelele.”

Nikasema, “Niko kwenye semina, mama.”

Kimya kidogo. Saksofoni ikapanda juu sana.

“Semina ya usiku?”

“Ndiyo, mama.”

“Sawa,” akasema. “Fuata masomo vizuri.” Simu ikakatika, pengine mwenye simu alitaka yake.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Picha hainisumbui, ninyi chekeni. Mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye wajukuu, mwekahazina wa kikundi, nilimdanganya mama yangu aliyekuwa amesimama kwenye mawe ya Bulengo bila godoro. Sikuweza kusema neno “muziki” kwa mtu aliyetoka kutembea na watoto wanne. Niliona haya. Na naomba nisiwafiche jambo la pili: nilirudi kwa wenzangu, nikawaambia mama yuko hai na watoto wako hai, na tulipokwisha kulia wote watatu tukakumbatiana, muziki ulikuwa bado unaendelea, na miguu yangu ikaanza yenyewe. Nilicheza kama sijawahi kucheza tangu harusi yangu. Siku tatu nilikuwa nimebeba watu watano waliokufa moyoni, na ghafla hawakufa. Picha mliyoiona ilipigwa saa ile. Aliyeituma hakuandika chini yake ni saa gani.

Kuna wengine mtasema: na wale ambao simu yao haikulia? Mama wa Walikale usiku ule alikuwa bado hajampata dada yake. Yeye alikaa. Alinishikia mkoba, akapiga makofi, lakini alikaa. Dada yake alipatikana baada ya siku sita, Mweso, mzima. Ningekuwa mimi sijui kama ningemshikia mtu mkoba.

Jumapili mwenyeji wetu alitutembeza. Alituonyesha wanawake wa kwao walivyoingia kwenye muziki, habari inayofaa kwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha wafinyanzi, akiuza vyungu kwa kutembeza mjini na kunadi kwa sauti. Sauti ile ya kunadi vyungu ndiyo iliyompeleka hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri, wakati wanawake wa huku hawakufikiriwa kabisa. Leo Zanzibar kuna kundi la taarabu la wanawake watupu, linaitwa Tausi, wao ndio waimbaji na wao ndio wapigaji, fidla na vyote. Nikawaza wauza sombe na fromaje wetu wa soko la Masisi, sauti zilizo pale! Basi, nimeacha hapo.

Nilirudi Goma Alhamisi. Sikupita nyumbani, nilipanda motari hadi Bulengo na mfuko wangu. Nilimkuta mama amekaa mbele ya kihema cha bashi, anachambua maharage kwenye kifuniko cha sufuria. Amekonda. Watoto wawili walikuwa na kikohozi. Nilitoa nilivyoleta, sabuni, kitenge, karafuu kidogo, na nikaona nikikaa kimya sitalala. Nikamwambia, “Mama, ile usiku haikuwa semina.”

Akajibu bila kuinua macho, “Nilisikia tarumbeta. Nani anafundisha na tarumbeta?”

Kisha akauliza kama nilishika ule muziki kwenye simu. Nilikuwa nao, dakika chache, sauti si nzuri, kuna watu wanapiga kelele na mimi mwenyewe ninapumua kama ng’ombe. Nikaweka. Mama akaacha maharage. Jirani wa upande wa kulia akatoka na mtoto mgongoni, halafu mwingine, mzee mmoja wa Kitchanga akasogeza kibidoni chake akakikalia. Mtoto mdogo wa kaka yangu akaanza kucheza peke yake kwenye mawe, bila viatu, akirukaruka asijikate.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza redio ya baba. Akasema, “Huyu anayepuliza, anapumua saa ngapi?”

Wakataka turudie. Tulirudia mara tatu, na mara ya nne simu ikazimika katikati. Mama akafungua pindo la kitenge, akatoa franga mia tano, akampa mtoto mkubwa aipeleke kuchaji.