Mji Wenye Maduka Yote Wazi

Mtu akikuambia Krismasi ni Desemba 25, ujue hajawahi kushika zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee Marekani. Pale nilipoajiriwa mwaka 2010, nje kidogo ya Kansas City, Krismasi iliingia Novemba, maboga ya Hallowini yakiwa bado mlangoni. Bibi mmoja aliyekuwa akikaribia miaka tisini aliweka chaneli ya Hallmark, akaficha rimoti chini ya blanketi la miguuni, na kuanzia hapo hadi Mwaka Mpya sebuleni hapakuwa tena na taarifa ya habari, wala mpira, wala utabiri wa hali ya hewa.

Nilikuwa mbeba boksi mgeni, nina cheti cha usaidizi wa wauguzi na koti moja lisilotosha baridi. Filamu za Krismasi za chaneli ile sikuzitazama; nilizidokoa. Kipande nikimlisha mtu supu, kipande nikisukuma kiti cha magurudumu kwenda msalani, kipande nikikunja mashuka. Na sikupitwa na kitu. Mwanamke wa mjini, mwenye cheo na simu isiyotulia, anarudi kwao mji mdogo. Anagongana na kijana mwenye shati la drafti, mara nyingi mgane mwenye mtoto mmoja anayeongea kama mtu mzima. Kuna duka la mikate, hoteli ndogo au shamba la miti ya Krismasi linalotaka kuuzwa. Wanakaribia kubusiana, simu inalia. Zikibaki kama dakika ishirini wanakosana kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza. Theluji inaanguka, wanabusiana, majina yanapita.

Mwenzangu wa zamu, dada mmoja Mkisii kutoka Kenya, alikuwa akitabiri akiwa amegeukia ukutani. "Sasa mtu ataingia na biskuti," anasema, na kweli sahani ya biskuti inaingia. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watunzi huzigawa filamu hizi katika sehemu tisa, kila sehemu ikikatikia kwenye jambo dogo la kukuzuia usiondoke wakati wa matangazo. Hapo nikaelewa kwa nini zinafaa nyumba ya wazee kuliko tamthilia yoyote. Zimejengwa kwa ajili ya mtu anayekatizwa. Ukisinzia, ukiitwa kubadilishwa nepi, ukisahau jina la staringi, unarudi na kukuta hadithi inakungoja palepale ulipoiacha.

Wakati huo nilizicheka, na sababu zilikuwepo. Nyingi hupigwa Kanada, hasa British Columbia na Ontario, na nyingi ya hizo hupigwa kiangazi, kwa wiki mbili au tatu, kwa gharama ya kama dola milioni 2, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai. Ukishalijua hilo unaanza kuona. Waigizaji wamevaa makoti ya sufu na skafu lakini hakuna mvuke unaotoka vinywani mwao. Theluji imelala kando ya barabara kama povu la sabuni, na nyuma yake mti una majani mabichi. Mimi niliyekuwa nasubiri basi kwenye baridi ya kweli, vidole vimekufa ganzi, nilimwona staringi wa kike akitembea bila glavu na kikombe mkononi nikajisemea: huyu hajaajiriwa na mtu bado.

Nilimsimulia mama kwa simu, yeye akiwa nyumbani kwetu Marangu, Kilimanjaro. Mama ni Mkristo wa Kilutheri na mpenzi wa hadithi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kijana ni wa ukoo gani?"

"Mama, hawasemi ukoo."

"Na wazazi wa binti wamesemaje?"

"Mama yake yuko jikoni anatengeneza biskuti."

"Basi hana wazazi huyo," akahukumu, na tukahamia habari za kahawa.

Aliyenifundisha kuzitazama ni yule bibi wa rimoti. Usiku mmoja wakati namvalisha soksi nilimtania kwamba leo yule kijana naye hana sura. Akanijibu kwamba hamtazami kijana. "Tazama nyuma yake," akasema. Nyuma ya kijana kulikuwa na barabara. Duka la vitabu, kinyozi, duka la mikate, duka la vifaa vya ujenzi, posta, yote yana taa, yote yana watu wanaoingia na kutoka wakiitana majina. Alikuwa ametoka kwenye shamba la ngano magharibi mwa Kansas, na mji wake wa utotoni ulikuwa na barabara ya namna ile. Benki ilifungwa kwanza. Kisha duka la dawa. Shule ikaunganishwa na ya mji mwingine, na shule ikishaondoka, aliniambia, hakuna tena kinachobaki zaidi ya kanisa na ghala la nafaka. Aliihesabu milango kwenye televisheni kama mtu anayehesabu kuku jioni.

Miaka kadhaa baadaye nilisafiri kwa gari kuelekea Colorado, nikachepuka kutoka barabara kuu makusudi. Ni kweli. Kaunti nyingi za upande ule zilikuwa na watu wengi zaidi karne iliyopita kuliko leo. Unaona ghala refu jeupe kwa mbali, unafikiri unakaribia mji, unafika na kukuta vioo vya maduka vimefunikwa mbao na duka moja la bei nafuu pembezoni, lenye kila kitu isipokuwa mtu anayekujua. Tangu hapo sikuweza tena kusema filamu hizi zinahusu mapenzi. Mapenzi ni nauli tu. Wanachokinunua watazamaji ni kufika mahali ambapo umekuwa mbali kwa miaka kumi na mwenye duka bado anakumbuka unavyopenda chai yako.

Sisi Wachaga tulipaswa kulitambua jambo hili mapema kuliko watu wote. Kila Desemba nchi nzima hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Nauli za Dar hadi Moshi zinapanda, magari yanafuatana Chalinze, Segera, Same, mpaka Himo, na vijijini nyumba kubwa zilizokaa na mlinzi na mbwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Kunachinjwa mbuzi, kunapikwa machalari, mbege inazunguka, na wiki mbili tunajifanya hatukuwahi kuondoka. Kisha Januari geti linafungwa. Kihamba kile kile, shamba la ukoo ambalo baba alisema haliuzwi, maana babu zetu wamelala humo chini ya migomba, kinabaki na mama na redio. Ukitaka kujua mji wa kwenye televisheni upo wapi, njoo Marangu tarehe 26 Desemba. Lakini uje na tiketi ya kurudi, kama sisi.

Bibi wa rimoti alifariki mwaka 2014. Rimoti ilirithiwa na mzee aliyekuwa dereva wa malori, ambaye siku zote alidai anasubiri tu habari za saa nne.

Wakati huo biashara yenyewe ya filamu hizi ilikuwa imefura. Kampuni ya Hallmark ni ya hapa hapa Kansas City. Joyce Hall, mwanamume licha ya jina lake, alishuka hapa mwaka 1910 akiwa kijana wa miaka kumi na minane na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa postikadi. Kwa hiyo tangu mwanzo hawa ni wauzaji wa salamu, na filamu zao, ukizitazama vizuri, ni kadi ndefu. Televisheni waliingia zamani, mkesha wa Krismasi 1951, kwa kudhamini opera fupi ya mtunzi Menotti iliyotungwa mahususi kwa ajili ya skrini. Chaneli ikaja na jina lao mwaka 2001, na mwaka 2009 wakaanza ule utaratibu wa kurusha Krismasi mfululizo kwa wiki nyingi. Kufikia 2019 walikuwa wakitoa filamu mpya 40 kwa msimu mmoja. Netflix nao wakaingia, na mwaka 2017 wasichana wa zamu ya usiku walikuwa wakitazama *A Christmas Prince* kwenye simu zao, ufalme mzima wa kubuni, huku taa za kuitia wahudumu zikimulika ukumbini.

Kitu kingine nilichokiona kikibadilika ni nyuso. Miaka yangu ya mwanzo mtu mweusi katika filamu hizi alikuwa rafiki wa ofisini, yule anayepiga simu kuuliza "ehe, na yule kijana?" kisha anapotea mpaka arusi. Mwaka 2018 Tia Mowry, Christina Milian na Tatyana Ali walipewa nafasi ya ustaringi, na Mmarekani mmoja mweusi tuliyekuwa tukimtunza, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali, aliangalia filamu ya Tatyana Ali hadi mwisho na kusema kwamba sasa na sisi tumeruhusiwa kuchosha. Nadhani alisifu. Desemba 2019 ikazuka zogo: chaneli iliondoa tangazo la harusi lililoonyesha wanawake wawili wakibusiana, ikalaumiwa, ikalirudisha na kuomba radhi ndani ya siku chache. Mkuu wa kampuni ya chaneli hizo aliondoka mwezi uliofuata, na baadaye akaongoza chaneli shindani, ambako Candace Cameron Bure, malkia wa filamu hizi, alimfuata mwaka 2022. Hallmark kwa upande wao waliweka wanandoa wa kiume katika *The Christmas House* ya 2020. Sebuleni kwetu, zogo lile lilipozuka, nchi iligawanyika viti vinne kwa vitatu, na ugomvi ukaamuliwa na mzee wa malori, ambaye alikuwa na rimoti na alikuwa amelala.

Kisha ikaja Machi 2020, na korona. Tarehe 13 serikali iliagiza nyumba za wazee zizuie wageni, isipokuwa kwa anayekata roho. Sebule ikafungwa, kila mtu chumbani kwake, sisi tumevaa barakoa, na wale waliokuwa wakitutambua kwa tabasamu hawakututambua tena. Wiki moja baadaye, kuanzia tarehe 20, Hallmark wakarusha filamu za Krismasi siku tatu mfululizo. Katikati ya Machi! Nilipita ukumbini na trei za chakula nikasikia kengele zilezile kutoka mlango hadi mlango, kila chumba nyuma kidogo ya kingine kwa sababu ya televisheni tofauti, kama kwaya isiyokuwa na kiongozi.

Binti wa mzee wa malori alikuwa akija na kusimama dirishani, simu sikioni. Siku za mwanzo walikosa la kusema. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Halafu wakagundua wanaweza kuwasha filamu moja, yeye kwake na baba chumbani, simu ikiwa wazi juu ya mto. Nikiingia kupima joto namkuta mzee anabishana na binti yake kuhusu yule mchumba wa mjini anayeachwa kwenye filamu, ambaye baba alimwona mtu wa maana aliyeonewa. "Ana kazi," alisema. "Kosa lake ni lipi?" Walikuwa hawajaongea muda mrefu hivyo, binti aliniambia baadaye, tangu mama yake afariki. Hadithi ingekuwa na fumbo lolote, wangelazimika kunyamaza ili waifuate.

Ndiyo maana nikisikia watu wakizibeza siku hizi huwa sijibu, ingawa zinabezeka. Mwandishi mvivu ni mwandishi mvivu, na nyingi ya hizo 40 ningeweza kuziandika mimi nikiwa kwenye mapumziko ya chakula.

Julai 2024 Hallmark walikuja kupiga filamu hapa kwetu. *Holiday Touchdown: A Chiefs Love Story*, mapenzi na timu ya Kansas City Chiefs katika sahani moja, Hunter King akiwa binti wa familia yenye duka la vifaa vya mashabiki na Tyler Hynes akiwa mtu wa timu. Ilirushwa Novemba 30. Tulipanga viti sebuleni, watu wakavaa nyekundu, na ndani ya dakika kumi wote walikuwa wamegeuka wakaguzi. Hapo pana maegesho namna hiyo? Tangu lini? Watu walewale waliomeza falme za kubuni na theluji ya povu kwa miaka kumi na minne hawakukubali kudanganywa kuhusu mji wao. Walifurahi sana, lakini hawakuamini neno.

Mwanangu wa kike, aliyezaliwa hapa, ana miaka kumi na tatu na anataka Hallmark waje Marangu. Tumekwisha kuitunga, yeye, mimi, na bibi yake kwenye WhatsApp. Wakili wa Dar anapanda basi akiwa na kompyuta mpakato mapajani. Kihamba kinatakiwa na mtu wa hoteli ya watalii. Kijana ni mwalimu wa kwaya, mgane, ana mtoto mwenye maneno. Theluji haina shida, ipo juu ya Kibo, haitaki povu.

Tumekwama sehemu ya sita. Mama anataka washenga waende mara mbili na mara ya kwanza warudishwe, na wajomba wote wapewe nafasi ya kusema. Mwanangu anasema matangazo hayatatosha. Mama anasema basi waongeze matangazo, na yule wa hoteli apewe soda, amekuja mbali.