Chuma Kilicholala

Silaha haina habari kwamba vita vimekwisha. Waliopigana huzikwa na mataifa hupatana, lakini chuma chenye baruti hubaki na nia ile ile kiliyopewa kiwandani. Watu wa Ifakara wanayo sababu ya kulikumbuka jambo hili. Katika mwaka wa 1917 Waingereza na Wabelgiji walipigana na Wajerumani katika nchi ya Mahenge na Kilombero. Na udongo wa bonde, ambao masika huufunika kwa maji ya mto, hautangazi ulichoficha mpaka jembe ligonge.

Hatari hii si ndoto. Tarehe 8 Novemba, 2017, katika shule ya msingi ya Kihinga, wilaya ya Ngara, bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka kati ya wanafunzi. Watoto watano walikufa na makumi wakajeruhiwa. Mtoto wa maskini huijua mapema bei ya chuma. Sura ya bomu ni nadra kufundishwa.

Kabla ya hapo, maghala ya silaha ya jeshi yalikuwa yamelipuka Dar es Salaam: Mbagala tarehe 29 Aprili, 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari, 2011. Makombora yaliangukia nyumba za raia. Zimamoto aliweza kuzima moto na mganga kufunga majeraha, lakini makombora yasiyolipuka yalimngoja askari mwenye ujuzi wake. Marekani imeliwekea jambo kama hili utaratibu: vikosi 57 vya walinzi wa majimbo, kila kimoja na watu 22, huitwa panapotokea hatari ya sumu, vijidudu au mionzi. Hupima, hutambua na kushauri. Amri hubaki kwa wakuu wa kiraia.

Tanzania inao mgambo, jeshi la akiba lililopata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971. Mwanamgambo si fundi wa mabomu, wala asijaribu kuwa. Lakini fundi hakai kila wilaya, na Ifakara iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Morogoro mjini. Saa za kwanza ni za mtu wa karibu. Kazi yake ni nyepesi kutaja na nzito kutenda: kutogusa, kuweka alama, kuwazuia watu wasisogee, kupeleka habari kwa polisi na kwa mshauri wa mgambo, na kukesha mpaka wenye ujuzi wafike.

Hata hivyo, kazi hiyo yote husimama juu ya neno moja la mkulima. Akiogopa kuulizwa silaha ameipata wapi, atanyamaza. Atakitupa chuma mtoni au kumwachia mnunuzi wa vyuma, na hatari itahamia kwa mtoto wa mwingine. Mwanamgambo anayejulikana kijijini kwa rungu tu hataletewa habari hiyo. Basi mafunzo yake yaanze kwa adabu: ampokee mleta habari kama mwokozi wa jirani zake, si kama mtuhumiwa. Mitambo ya kugundulia vyuma hununuliwa kwa fedha; imani ya raia hainunuliwi, nayo ndiyo inayotangulia kugundua.