Ile ya Jua Yaja

Sisi tulioingia darasa la kwanza Januari 2014 tulipewa jina kabla hatujajua kushika kalamu: watoto wa laptopu. (Chamani tunatakiwa kusema kipakatalishi, lakini huku Msambweni ukisema hivyo watu watakuuliza ni mboga gani.) Katika kampeni za uchaguzi wa Machi 2013, muungano ulioshinda uliahidi kompyuta za nguvu za jua kwa watoto wa shule, na ikasemwa darasa letu ndilo la kwanza kuzipata. Basi habari ikaota miguu.

Ati kifuniko chake ndicho sola. Ati ukiiiba inapiga kelele hadi polisi waje. Ati za wasichana ni nyekundu. Mzee mmoja pale stejini alishikilia kwamba ina simu ndani, mtoto atampigia mwalimu akiwa kitandani. Nyanya naye akauliza kama itachaji simu yake. Akajibiwa: itachaji, na waya wake u ndani ya boksi! Stima kwetu ikipotea ilipotea siku mbili, kwa hivyo hilo la jua ndilo lililotuingia hasa.

Wakati huohuo hoteli moja ya Diani ilikuwa ikiuza kompyuta zake kuukuu. Ami, aliyekuwa akifanya kazi huko, akatuwekea moja ya mezani kwa shilingi 6,000. Dadangu alikuwa kidato cha nne na nia yake ilikuwa ukarani. Akamwendea baba.

"Baba, ninunulie hiyo nijifunze kupiga chapa."

Baba akafikiri siku tatu. "Mwanangu, ya nini nitoe elfu sita, na nduguyo aletewa mpya, ya jua? Mtatumia pamoja."

Simlaumu. Elfu sita zilikuwa karo, na neno lenyewe lilitoka kwa wakubwa. Kompyuta ikachukuliwa na mtu wa Ukunda.

Yaliyofuata yanajulikana. Zabuni iliyopewa kampuni moja ya India ilibatilishwa mwaka huohuo wa 2014. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, kazi ikiwa imepewa Chuo Kikuu cha Moi na cha JKUAT pamoja na wenzao wa ng'ambo, vilikuwa tableti, navyo vilikuwa vya darasa la kwanza. Sisi tulikuwa la tatu. Tulichungulia dirishani.

Uvumi wa kompyuta ijayo umewaponza hata waliozizoea. Mwaka 1981 huko Marekani, Adam Osborne alitoa Osborne 1, kompyuta ya kubeba yenye kilo 11 na kioo cha inchi 5, kwa dola 1,795. Ikanunuliwa kwa fujo. Mwaka 1983 zikaenea habari za mpya yao, Executive, wauzaji wakaacha kuagiza ya zamani, na Septemba kampuni ikafilisika. Wako wanaobisha kwamba lililoiua ni madeni na washindani kama Kaypro, nami naona wana hoja. Lakini yule mnunuzi aliyerudisha pochi mfukoni akangoja, mimi namjua. Ni baba.

Tofauti ni kwamba kule aliyeumia ni muuzaji. Kwetu aliyeumia ni aliyengoja, tena si baba mwenyewe. Dada alijifunza miaka miwili baadaye, kwa kulipia dakika katika saiba ya Ukunda, kila Jumamosi na matatu ya kwenda na kurudi. Siku moja akaipiga hesabu ile nauli. Peke yake, bila ya saiba, ilizidi elfu sita mbali.

Oktoba 2023, simu za Neon zilizoundwa Athi River zilipozinduliwa, mdogo wangu alirudi nyumbani anahema: sasa yafuata laptopu, bei ya simu, na sola juu! Baba akanyamaza, akatazama miguu yake. Dada ndiye aliyeuliza.

"Yauzwa duka gani?"

"Bado, da. Lakini yaja."

"Haya. Kesho twende tukaangalie iliyoko."

Wakarudi kutoka Ukunda na laptopu ya mtumba. Betri yake imekufa, hufanya kazi ikiwa imechomekwa tu. Stima ikipotea nayo huzima papo hapo, na mdogo wangu gizani huanza: mwenzangu mmoja shuleni asema, wallahi, mjombake ameiona Mombasa kwa macho yake...