Uzamivu si kuzamia meli!

Wiki hii naomba tuweke kando habari za mapenzi na kumbi za muziki. Leo twende shule. Usikunje uso, hatukai sana!

Nikuulize kwanza. Ukisikia mtu anaitwa Dokta, akili yako inakimbilia wapi? Kwenye sindano, najua. Na kwetu sisi watu wa Masasi na Newala ndiyo usiseme, maana tumezoea madaktari wa kupasua matumbo. Leader Stirling alitoka Uingereza mwaka 1935 akaja kufanya kazi ya upasuaji kule Lulindi, akachukua uraia, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya. Ndanda nako hospitali ya wamisionari inajulikana kusini nzima. Sasa mtu akikwambia anataka kuwa dokta wa sheria, huyo atamtibu nani?

Swali hilo lilimkuta dada yangu, mtoto wa Newala mwenye shahada mbili za sheria mkononi, alipotangaza nyumbani kwamba anaomba nafasi ya PhD.

Kwa Kiswahili shahada hiyo inaitwa uzamivu. Mzamivu ni yule fundi wa kupiga mbizi, anayekwenda chini kabisa baharini na kurudi na kitu. Lakini sisi vijana tunachokijua ni kuzamia! Kuzamia meli kwenda Ulaya, au kuzamia harusi ya watu bila kadi. Binamu yangu mmoja alipolisikia hilo neno akauliza kwa nia safi kabisa, "Kwa hiyo dada anazamia nchi gani?" Tulicheka mpaka basi.

Basi tuelewane. Kama unataka kusimama mahakamani kutetea watu, huna haja ya PhD. Unasoma shahada ya kwanza ya sheria, unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ukifaulu na kuapishwa unakuwa wakili. PhD ni kitu kingine. Pale unachukua swali moja ambalo halijajibiwa vizuri, unalikalia miaka mitatu au zaidi, unaandika tasnifu, halafu wakubwa wanakubana maswali mpaka jasho likutoke.

Na usidhani ni mambo ya kukaa na vitabu tu. Issa Shivji alipata PhD yake pale Mlimani mwaka 1982. Mwaka 1991 akapewa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyozunguka kusikiliza vilio vya wanavijiji. Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Songea, kusini humuhumu, alichukua ya kwake Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992. Mwaka 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Usipime!

Sasa dada naye akaanza kukusanya makaratasi. Mimi elimu yangu iliishia kidato cha nne, lakini kuchapa najua, kwa hiyo kazi ya kuchapa ikawa yangu. Vyeti, matokeo ya shahada zote mbili, barua za walimu wawili wa kumshuhudia, na kile kigongo chenyewe, pendekezo la utafiti. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Unatakiwa useme swali lako ni lipi, waliokutangulia wameandika nini, wewe utaongeza nini, na utapataje majibu. Mwalimu mmoja aliyeombwa barua alikaa kimya wiki nne. Dada akampigia simu kila Jumatatu saa tatu asubuhi, kama mtu anayedai kodi ya nyumba, mpaka barua ikatoka.

Swali lake ni hili: mikorosho ni ya nani?

Usicheke. Kwetu Newala mkorosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Na sisi Wamakonde kwa asili tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba. Kwa mila hiyo mjomba akifa, wa kutazamwa ni wapwa, yaani watoto wa dada yake. Mila hiyo ilikaa vizuri enzi za mihogo na mtama, vitu vya msimu mmoja. Lakini mkorosho unazaa miaka na miaka. Mjomba anaupanda, wanawe wanapalilia, wanaamka alfajiri kupuliza salfa vifua vikiwawasha. Halafu siku mzee akifumba macho waje wapwa waseme "vyetu"? Wewe ungekubali?

Ukienda kwenye vitabu vya sheria unakuta kizungumkuti. Mwaka 1963 serikali iliziandika sheria za mila, na zile za urithi zikatoka kwenye Tangazo la Serikali namba 436. Lakini zilizoandikwa ni za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mmakonde wa ukoo wa mama hayumo! Hata kesi maarufu ya Holaria Pastory, ambapo mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, ilihusu Wahaya wa Bukoba. Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kifungu chake cha 20 kinaitupa mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi. Sawa, ni jambo zuri. Lakini kwetu ugomvi ni kati ya mtoto na mpwa, na wote wawili wanaweza kuwa wanawake.

Tukapanda Newala kumwona mjomba, maana jambo kubwa kama hilo huwezi kulifanya bila yeye kujua. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za mjini. Halafu akauliza:

"Haya mwanangu. Hiyo shule yako inataka kujua nini ambacho sisi hatukijui?"

"Inataka kujua mikorosho itakuwa ya nani, mjomba, siku wewe ukiwa haupo."

Jamani! Barazani pakawa kimya. Wanawe wawili walikuwa wamekaa palepale kwenye mkeka. Mzee akachukua muda, akafuta jasho, kisha akasema polepole:

"Wewe ni mpwa wangu. Ukiandika kwamba mikorosho ni ya wapwa, watu watasema umejiandikia mwenyewe. Ukiandika ni ya watoto, umemnyang'anya mama yako na wadogo zako. Sasa utaandikaje?"

Mzee yule hajawahi kukanyaga chuo, lakini hakuna mwalimu aliyemuuliza dada swali gumu kama lile. Usiku ule hakulala. Aliporudi mjini akampelekea swali lile msimamizi aliyekuwa anazungumza naye. Jibu likawa fupi: liandike hivyohivyo ndani ya pendekezo. Sema wewe ni mpwa, sema una maslahi, na utafute kijiji kingine cha kufanyia utafiti ambako huna hata mti mmoja. Kwa hiyo nikachapa upya kurasa nne, na sasa kijiji ni cha upande wa Masasi, ambako ukoo wetu hauna shamba.

Tatizo halikuishia hapo. Pesa! Ada ya maombi, nauli, kuthibitisha vyeti, vyote vinataka mshiko. Mjomba akasema atatoa. Mwaka ule alikataa kuuza korosho zake kwa walanguzi wa kangomba, akazipeleka chama cha msingi, akasubiri mnada na malipo. Pesa zilipoingia akamkatia dada fungu lake. Binamu zangu wakanuna. Mmoja akasema wazi, "Mpwa anasomeshwa kwa mikorosho yetu ili akaandike kwamba si yetu."

Ukweli ni kwamba yule binamu ana hoja. Mimi nimemwona na gunia la salfa begani saa kumi na moja alfajiri, na siku nyingine mimi nilikuwa nimelala Masasi. Mjomba alimjibu kwamba yeye bado yuko hai, na mikorosho bado ni yake. Kikao kikafungwa, lakini binamu na dada mpaka leo wanasalimiana kwa mkato.

Kwa wewe msomaji unayeota joho, chukua haya machache. Mtafute kwanza msimamizi anayelijua swali lako, ndipo uhangaike na fomu. Kama una kazi na watoto, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ulizia ufadhili mapema. Pale Mlimani kipo kituo cha sheria cha ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Bayreuth, na kimesomesha wanasheria wengi wa Afrika Mashariki. Na akija mtu na PhD ya wiki mbili, ulipie tu uvishwe joho hotelini, kimbia! Chuo usichokijua kiulizie kwanza TCU.

Maombi ya dada yamekwenda. Majibu bado. Yeye anasema akikosa ataomba tena mwakani, kwa sababu swali haliondoki. Mimi sina la kusema kwenye sheria, ila na mimi ni mpwa. Ningependa kujua, kabla sijaanza kuota bati la nyumba yangu, kama nina mikorosho au nina maneno tu ya mikorosho. Na ningependa tujue wakati mjomba bado anaweza kutuamulia kwa mdomo wake.

Kwenu je? Wazee wameshasema nani anachukua nini, au mnasubiri msibani ndipo mshikane mashati? Waulizeni mapema, kwa adabu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.